Kuchomwa vinyama vya pua: niliyoyajua kabla na baada

Swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayesikia kwamba nilichomwa vinyama vya puani ni hili: iliuma? Sindano ya ganzi iliuma kidogo, mengine hayakuuma. Nikishajibu hivyo, mtu huuliza ni hospitali gani na ni bei gani, akiwa ameshaamua kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Hapo huwa namwomba akae kwanza. Pua kuziba ni dalili ya mambo mengi, na kile kifaa kidogo cha kuchomea kinatibu jambo moja tu kati ya hayo. Kwangu mimi shughuli kubwa haikuwa siku ya kuchomwa. Shughuli ilikuwa kufika mahali pa kujua kwamba hilo jambo moja ndilo langu.

Mimi ni seremala. Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam, pale ambapo ukipita barabarani unaona vitanda, makabati na seti za makochi zimepangwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Nimekulia kwenye vumbi la mbao. Mninga una vumbi lenye harufu nzuri. Paina za Mafinga vumbi lake ni jepesi, linaruka kila mahali. MDF, ule ubao wa kiwandani, ukiipitisha kwenye msumeno inatoa unga mwembamba unaoelea hewani mpaka jioni. Lakini mvule ndio baba yao. Fundi yeyote aliyewahi kupiga msasa mvule mkavu anajua: macho yanawasha, mikono inatoka vipele, na usiku pua inafunga.

Karakana nzima tuliita mafua. Mafundi wakubwa walisema ni mafua ya kazi, na kwamba ukizoea yataisha. Hayakuisha. Nilikuwa mtu wa kuhema kwa mdomo mchana kutwa, na usiku nilikuwa naamka ulimi umekauka, midomo imepasuka, natafuta jagi la maji gizani. Kula nako kulikuwa taabu, jambo ambalo mwenye pua nzima hawezi kulifikiria: unatafuna, unasimama kidogo ufungue mdomo uvute hewa, unaendelea. Kwenye karamu ya watu unaonekana huna adabu. Mke wangu alihamia upande wa pili wa kitanda, halafu akahamia chumba cha watoto, kwa sababu ya kukoroma.

Kilichonisumbua zaidi kwenye kazi ni harufu. Seremala ananusa mbao. Mteja akileta ubao uliopakwa rangi anasema ni mninga, unaupitishia randa kidogo, unanusa maranda, unamwambia huu si mninga. Mimi nilifika mahali pa kumwita kijana wangu aje aninusie. Nyumbani mtungi wa gesi ulivuja jioni moja, mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka jikoni na sikusikia chochote.

Jambo moja lilinichanganya miaka yote hiyo. Pua haikuziba pande zote kwa wakati mmoja. Asubuhi ni kulia, mchana ni kushoto, nikilalia ubavu wa kulia basi tundu la kulia linafunga. Nilidhani ni ugonjwa wa ajabu. Baadaye niliambiwa kwamba pua ya kila mtu hufanya hivyo: upande mmoja unavimba kidogo na kupumzika huku wa pili ukifanya kazi, kisha baada ya saa chache wanabadilishana zamu. Daktari wa Ujerumani aliyeitwa Richard Kayser aliliandika jambo hilo mwaka 1895. Mwenye pua nzima hata hatambui zamu hizo. Anazitambua yule ambaye njia yake ni nyembamba tayari, kwa kuwa upande unaopumzika kwake unafunga kabisa.

Dawa za nyumbani nilizifanya zote. Mwaka 2020, wakati wa Corona, nchi nzima ilikuwa inajifukiza, na sisi tulichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi na malimao, tukajifunika blanketi mpaka jasho likatiririka. Kwa nusu saa kamasi inalainika na unajisikia mtu. Halafu inarudi. Nilijipaka dawa ya kuchua yenye mentholi puani na kifuani kila usiku. Ile nayo ina siri yake: mentholi haifungui pua. Inaamsha neva zinazohisi ubaridi ndani ya pua, na ubongo ukihisi ubaridi unaamini hewa inapita. Ukipima hewa yenyewe kwa mashine, inayopita ni ile ile. Wakati huo niliona ni habari ya kuchekesha tu; nitairudia mbele kwa sababu ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mama mkwe wangu, mtu ninayemheshimu sana, alisema nikakatwe kimeo. Bado kuna watu wanaokata vimeo mitaani, hasa vya watoto wanaokohoa. Nilimwitikia kwa adabu na sikwenda. Kimeo kiko kooni, hakihusiani na pua kuziba, na watoto wameletwa hospitali wakivuja damu au na maambukizi baada ya kukatwa kwa kisu kisicho safi. Hilo nalisema bila kuzunguka.

Halafu kuna matone. Kila duka la dawa linayo, kachupa kadogo, unadondosha mawili matatu na ndani ya dakika chache pua iko wazi kama hukuwahi kuumwa. Mengine yana efedrini, mengine zailometazolini au oksimetazolini. Kazi yake ni kubana mishipa ya damu iliyo ndani ya pua ili nyama inywee. Ni dawa nzuri kwa mafua ya siku chache. Shida ni kwamba ukiitumia mfululizo zaidi ya siku tano hadi saba, mishipa inazoea. Dawa ikiisha nguvu, nyama inavimba kuliko mwanzo, nawe unadondosha tena. Muuzaji haniulizi, mimi namlipa, naondoka. Chupa ilikuwa inakaa kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na penseli na futi. Kufikia hapo sijui tena nilikuwa naumwa vumbi au naumwa dawa.

Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu. Alisema amechoka kuhesabu. Kumbe usiku alikuwa akisikiliza ninavyokoroma, halafu kimya, halafu nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Tulianzia kituo cha afya, wakatuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa pua, koo na masikio. Sitataja hospitali, kwa kuwa sitaki ionekane naipigia debe.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini maswali yake hayakuwa na huruma. Pua inaziba upande mmoja au pande zote? Imewahi kutoka damu? Kamasi ni maji au ni nzito ya rangi? Unapiga chafya mfululizo asubuhi? Uliwahi kupigwa pua au kuanguka? Unasikia harufu? Unatumia dawa gani za presha? Nilipotaja kazi yangu aliweka kalamu chini.

“Ni useremala wa mbao ngumu?”

“Ndiyo, dokta. Mvule, mninga, mkongo.”

“Una barakoa?”

Nikamwambia tunafunga kitambaa. Akatikisa kichwa.

Alichukua kisahani chembamba cha chuma, baridi, akakishika chini ya pua yangu, akaniambia nitoe pumzi polepole. Upande wa kushoto ukungu ulitanda kiasi cha shilingi. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Kisha akaweka vidole viwili kwenye shavu langu karibu na pua, akalivuta pembeni. “Inafunguka?” Haikufunguka. Alinieleza kwamba kwa watu wengine inafunguka, na maana yake ni kwamba tatizo liko mlangoni kabisa, gegedu la ubavu wa pua ni laini mno na linajikunja wakivuta hewa. Watu hao hata ukiwachoma vinyama vya ndani hawapati nafuu.

Kamera ikaingia. Ni kijiti chembamba chenye taa, na picha inatokea kwenye skrini. Niliiona pua yangu kwa ndani kwa mara ya kwanza. Ukuta wa katikati ulikuwa umepinda kidogo kuelekea kulia, “kama wa watu wengi,” alisema, hautoshi kuziba njia. Hakukuwa na polipu, yale mavimbe laini ya rangi ya kijivu yanayoota kutoka kwenye sainasi, vile vishimo vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Kilichoziba ni tabineti za chini, ndivyo hivyo watu wanavyoviita vinyama vya pua, pande zote mbili, zimevimba, rangi yake imefifia kuelekea ubluu, ndiyo rangi anayoitegemea daktari kwa mtu mwenye mzio, yaani aleji.

Tabineti si uvimbe wala si kitu kilichoota. Kila mtu anazo, tatu kila upande, na ile ya chini ndiyo kubwa: kifupa kilichojikunja, juu yake nyama laini yenye mishipa mingi ya damu. Ndizo zinazopasha hewa joto, zinaitia unyevu na kunasa vumbi kabla halijafika kwenye mapafu. Kwa seremala hiyo si kazi ndogo. Daktari alitafuta namna ya kunieleza, mimi nikamsaidia: masika mlango wa mbao unavuta maji, unavimba, unakwama kwenye fremu. Fundi mwenye akili haung’oi mlango, anaupitisha randa ukingoni. Akacheka, akasema ndiyo, ila kwanza tuzuie mvua isiupige.

Kuzuia mvua kulikuwa na sehemu tatu, na ndizo zilizonitesa kuliko kuchomwa.

Kwanza kuacha matone. Alinishauri nianze tundu moja, lile lingine niendelee nalo, kisha niache yote. Tundu lililoachwa lilifunga kama limezibwa kwa gundi ya mbao. Usiku wa mwanzo nilikaa kitako kwenye kochi, kichwa nimekiegemeza kwenye mto, nikilala kwa vipande. Mtu anayeacha matone ajipangie wiki moja hadi mbili za taabu, na awaambie wa nyumbani, maana hasira zinakuwa karibu.

Pili, dawa ya kupuliza yenye steroidi. Watu wakisikia steroidi wanaogopa, lakini kipimo kinachoingia puani ni kidogo na kiasi kinachofika mwilini ni kidogo zaidi. Haifungui pua palepale, na ndiyo sababu wengi huitupa siku ya tatu. Inahitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja au mbili. Namna ya kupuliza nayo ni fani. Unainamisha kichwa mbele kidogo, si kukiinua juu. Mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, na wa kushoto tundu la kulia, ili mdomo wa chupa uelekee nje, upande wa sikio, usiupige ukuta wa katikati, kwa sababu ukuta ule ukipigwa kila siku unatoka damu. Unavuta hewa taratibu. Ukivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni, unaimeza.

Tatu, kuosha pua kwa maji ya chumvi. Nusu lita ya maji, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, unamimina tundu hili yanatokea lile. Maji lazima yawe yamechemshwa yakapoa. Hilo alilisisitiza mara mbili, na mimi nalisisitiza: maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yanaweza kuwa na kimelea kinachopanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra mno, lakini kikimpata mtu karibu kila mara humuua. Kijiko cha chumvi na sufuria ya maji ya moto havigharimu kitu. Siku ya kwanza maji yaliyotoka puani kwangu yalikuwa ya kahawia, na chini ya beseni nikaona unga wa mbao umetulia.

Baada ya muda wa kutosha wa tiba hiyo nilirudi. Hali ilikuwa imepungua labda nusu. Harufu ilikuwa imeanza kurudi. Chafya za asubuhi zilipungua. Usiku bado pua ilikuwa inafunga. Daktari akapuliza dawa ya kubana mishipa, akaniacha nikae kidogo, akarudisha kamera. Kwenye skrini zile tabineti zilikuwa zimenywea na njia inaonekana mpaka nyuma kabisa. “Umeona? Ingekuwa mfupa usingenywea. Hii ni nyama, na nyama tunaweza kuipunguza.” Kipimo hicho cha dakika chache ndicho kilichoniamulia, na ndicho ninachomwambia kila anayeniuliza bei: umefanyiwa hicho?

Njia za kupunguza tabineti ni nyingi. Zamani madaktari wengine walikuwa wanazikata karibu zote, kwa hoja kwamba pua pana itapitisha hewa zaidi. Baadhi ya wagonjwa walibaki na pua iliyo wazi kabisa huku wakilalamika kwamba wanakosa hewa, pua imekauka, imejaa magaga ya kamasi iliyokauka, usingizi hakuna. Mwaka 1994 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliipa hali hiyo jina, ugonjwa wa pua tupu. Hapa ndipo habari ya mentholi inaporudi. Tunajua tunapumua kwa sababu hewa inapoza nyama ya pua na neva zinatoa taarifa. Ukiiondoa nyama, umeondoa na mtoa taarifa. Hewa inapita, lakini ubongo haupati habari. Ndiyo maana siku hizi daktari makini anapunguza kwa ndani na kuiacha ngozi ya juu salama.

Njia niliyofanyiwa inatumia mawimbi ya redio. Ncha nyembamba ya chuma inachomekwa ndani ya nyama, chini ya ngozi yake, na inapasha joto la digrii 60 hadi 90 hivi. Kisu cha umeme cha kawaida cha upasuaji kinapanda mamia ya digrii. Hakuna kinachokatwa siku hiyo. Nyama iliyopashwa inageuka kovu kwa ndani, kovu linajikaza wiki hadi wiki, na tabineti inasinyaa. Kwa mtu mzima inafanyika kwa ganzi ukiwa macho. Wengine hufanyiwa kwa nusu kaputi, hasa wakiunganisha na upasuaji wa kunyoosha ukuta wa pua. Kuhusu pesa nasema tu hivi: uliza mapema, kwa maandishi, bima inalipa nini, kwa sababu kumwona daktari, kamera, kifaa na dawa vinaweza kuwa mistari minne tofauti kwenye bili.

Siku yenyewe nilikunywa chai kama kawaida. Nesi alinibandika bamba lenye gundi pajani, la kurudisha umeme, akaniambia nivue saa na pete. Daktari alinijaza puani vipande vya pamba vilivyoloweshwa ganzi pamoja na dawa ya kubana mishipa, tukasubiri. Ganzi ilishuka kooni, chungu, na meno ya mbele ya juu yakawa kama si yangu. Kisha sindano, moja kila upande. Hapo moyo ulianza kwenda mbio ghafla, nikashika mikono ya kiti. Akaniambia ni adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi, nisubiri, itapita. Ilipita.

Ncha ilipoingia nilihisi msukumo tu, mtu anabonyeza kwa kidole. Mashine ikatoa mlio wa chini, ikanyamaza, akaisogeza, ikalia tena. Harufu ya kuungua ilikuwepo kwa mbali, na nakiri nilifurahi kuinusa, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba pua inanusa. Macho yalitoka machozi bila mimi kulia. Kila upande ulikuwa suala la dakika chache. Hawakunijaza pamba za kukaa nazo siku mbili kama nilivyotishwa na watu. Waliweka kipande kidogo kwa muda, wakakitoa, nikakaa hapo nje chini ya uangalizi, halafu nikarudi nyumbani na mke wangu kwa bajaji.

Ambacho sikutegemea kwa ukubwa wake, ingawa niliambiwa, ni kwamba wiki ya kwanza unakuwa na hali mbaya kuliko ulivyokwenda. Nyama iliyochomwa inavimba kwanza. Pua ilifunga kabisa, kamasi ikawa na michirizi ya damu, halafu magaga yakaanza kuota ndani. Kidole kinawasha kuyatoa; usithubutu, ndiko damu inakotoka. Unaosha kwa maji ya chumvi yanalainika yanatoka yenyewe. Hakuna kupenga kwa nguvu. Chafya ikija unafungua mdomo itokee huko. Maumivu niliyamaliza kwa parasetamoli. Aspirini na jamii yake nilikatazwa kwa sababu ya damu. Kubeba mbao nilikatazwa pia, kuinama kwa nguvu nako, na hapo kijana wangu aliendesha karakana vizuri kuliko nilivyopenda kukiri mbele yake.

Mabadiliko yalikuja polepole, kiasi kwamba siwezi kutaja siku. Niligundua tu kwamba jagi la maji kando ya kitanda limekaa halijaguswa. Nafuu kamili huchukua wiki sita hadi nane, na mimi ilikuwa hivyo. Upande wa kulia, ule wenye ukuta uliopinda, haujawa sawa na wa kushoto na hautakuwa. Unanitosha.

Sasa nieleze ambayo haikufanya. Haikuondoa mzio. Mvule bado unanipigisha chafya, na dawa ya kupuliza bado naitumia nyakati za kazi nyingi. Baada ya miaka kadhaa nyama inaweza kuvimba tena na mtu akarudia. Niliambiwa hivyo kabla sijasaini. Na haikumaliza kukoroma. Kulipungua, mke wangu akarudi chumbani, lakini zile nyakati za kimya cha usiku daktari alisema zisiachwe kwa kuwa pua imefunguka. Kukata pumzi usingizini kunatoka kooni mara nyingi zaidi kuliko puani, na kuna kipimo chake cha kulala na mashine. Nilipimwa, nikaonekana ninayo kiasi kidogo. Nimepunguza uzito na silali chali. Hilo ni suala jingine, naendelea nalo.

Karakana tumeibadilisha kidogo. Kitambaa tumeacha, tunanunua barakoa zinazochuja vumbi kweli, zile zinazobana pembeni. Mashine ya msasa tumeifungia mfuko wa kunyonya vumbi ambao niliushona mwenyewe kwa turubai. Kufagia ni baada ya kunyunyiza maji. Vijana wanalalamika kwamba barakoa ina joto, na ni kweli ina joto, Dar ni Dar. Nawaambia kuhusu vumbi la mbao ambalo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe inaanzia ndani ya pua na sainasi. Si ya kila mtu na si ya kesho, lakini ni ya watu wa kazi hii.

Ndiyo maana nasisitiza lile swali la daktari: pua inaziba upande mmoja au pande zote? Tangu habari zangu zienee Keko nimekuwa kama karani wa mapokezi. Amekuja jirani mwenye mimba, pua imeziba tangu mwezi wa tano. Huyo nilimwambia amuulize mkunga wake, kwa sababu kuna kuziba kwa ujauzito ambako huisha kwenyewe baada ya kujifungua. Amekuja baba mwenye mtoto wa miaka minne anayelala mdomo wazi na hasikii vizuri. Za watoto mara nyingi ni nyama zilizo nyuma ya pua, adenoidi, na zinaweza kuziba mpaka njia ya sikio, hazina uhusiano na kichomeo changu. Amekuja kijana aliyepigwa kiwiko uwanjani, pua inatazama upande. Huyo ni ukuta, na ukuta hauchomwi, unanyooshwa.

Na amekuja mzee mmoja fundi, kaanza kazi kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, akakaa kwenye benchi, akasema anataka nimpeleke akachomwe. Tundu la kushoto limefunga miezi mingi, la kulia halina shida hata siku moja, na leso yake ina madoa ya damu. Nilimwambia, “Mzee wangu, wewe huendi kuchomwa. Wewe unaenda kuangaliwa, na unaenda wiki hii.” Pua inayoziba upande mmoja tu, isiyobadilishana zamu, yenye damu, kwa mtu aliyepumua vumbi la mbao ngumu maisha yake yote, haipewi matone wala mvuke wala ushauri wa seremala. Inahitaji kamera, CT scan na kipande cha nyama kikapimwe. Alinuna kidogo, akaniuliza kama nimekuwa daktari. Mwanawe ndiye aliyempeleka. Ameshapigwa picha, nyama imechukuliwa, na majibu wanayafuata Jumatatu.